Barghash, Sonko wa Zanzibar: Aliagiza Yoti Kali Huko Scotland, Ikafika, Ikamboo

Tuseme umeshuka Tabaka leo, simu mkononi. Unamwonyesha fundi wa mawe ya Kisii picha ya kiboko uliyemwona kwa sebule ya mdosi fulani Nairobi, unamwambia akuchongee kama huyo. Fundi mjanja atakuhoji kwanza kabla ashike panga. Utamweka wapi? Ni wa kubebwa kwa begi ama ni wa kukaa mlangoni? Jiwe jeupe ama la waridi? Ukibaki tu hapo kwa kusema unataka kama ule wa mdosi, atakuchongea, atachukua doh yake, na wewe utarudi kejani na kiboko cha mtu mwingine.

Sasa cheki stori ya buda mmoja aliyefanya hivyo na meli nzima. Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Na kabla uanze kuuliza hiyo inakuhusu nini wewe wa Suneka ama Nyamira, mahali bahari ni ya kuonwa ukienda Mombasa na shule, tulia. Hii stori itafika mpaka kwenu.

Barghash alizaliwa karibu mwaka wa 1837, mmoja kati ya watoto mob sana wa Sultani Said, yule aliyehamisha makao yake kutoka Oman akaja kuishi Unguja. Mzee alipoaga 1856, kiti cha Zanzibar kilimwendea Majid, brathe yake Barghash. Barghash hakuikubali hiyo. Mwaka wa 1859 akapanga kumpindua, na kwa hiyo mpango alikuwa na dadake mdogo, Salme, msichana wa miaka kama 15 aliyejifunza kuandika kwa siri. Yeye ndiye alikuwa karani wa njama, barua zikipita kwa mkono wake. Plani ikaanguka. Waingereza waliingilia upande wa Majid, na Barghash akapakiwa kwa meli akapelekwa uhamishoni Bombay, India.

Huko Bombay alikaa kama miaka 2. Usidhani alikuwa anasota tu. Bombay wakati huo ilikuwa bandari kubwa yenye reli, viwanda na meli za mvuke zikiingia na kutoka. Kijana wa ikulu aliyezoea majahazi ya kungoja upepo wa kaskazi na kusi aliona meli ikitoka siku inayotaka yenyewe. Kama kuna mahali homa ya meli ilimshikia, mimi naweka pesa yangu Bombay.

Majid akafa Oktoba 1870, Barghash akaingia kwa kiti. Kabla hajazoea, Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja. Mikarafuu iling'olewa, na karafuu ndiyo ilikuwa mkate wa kisiwa. Bandarini meli za Sultani zikavunjika. Mwaka uliofuata mambo yakazidi kuwa noma: Waingereza wakamjia na mkataba wa kufunga soko la watumwa. Alipojaribu kukataa, aliambiwa manowari zao zitaziba kisiwa. Akatia sahihi Juni 1873. Soko likafungwa, na hakuna mtu mwenye akili atalilia hilo soko, lakini weka kwa akili jinsi jambo lilivyoamuliwa: mwenye meli ndiye aliyeongea mwisho.

Ni mwaka huo huo wa 1873 ambapo manowari ya Waingereza inayoitwa Glasgow ilifika Zanzibar. Milingoti 3 mirefu, matanga kibao, na katikati injini ya mvuke. Barghash alipoiona, moyo ukaenda. Akataka moja kama hiyo, iwe yoti yake ya kifalme.

Hapa ndipo ningetamani mtu angemkalisha chini amhoji kama yule fundi wa Tabaka. Ukiagiza meli ya kutengenezewa wewe mwenyewe, kuna maswali ambayo hayakwepeki. Itasafiri mbali kiasi gani? Ikienda na injini, makaa ya mawe utayatoa wapi, na tani ngapi zitalala ndani zikila nafasi ya vyumba? Ikienda na matanga, utalisha mabaharia wangapi wa kupanda milingoti? Mwenyewe atalala wapi, mbali kiasi gani na joto la boila? Na ikiharibika, nani mtaani kwako anajua kuitengeneza? Kila jibu linavuta lingine. Ukiongeza matanga unaongeza watu, ukiongeza watu unaongeza maji na chakula, na chumba cha mdosi kinaendelea kupungua.

Manowari ya Glasgow ilikuwa imejibu hayo maswali yote, lakini kwa niaba ya mtu mwingine. Ilichorwa kubeba mizinga na mamia ya askari wa majini. Halafu kuna kitu cha kuuma zaidi. Hiyo meli ya mbao iliingia majini 1861, na tayari wakati huo Waingereza walikuwa wameunda Warrior, manowari iliyovalishwa chuma. Kufikia 1873, ule mwaka Barghash anaona Glasgow na kupagawa, Waingereza wenyewe walikuwa wanamaliza Devastation, manowari kubwa ya bahari kuu isiyo na tanga hata moja. Yaani buda alipenda simu ambayo mwenyewe alikuwa ashaanza kuitupa.

Na kwa familia yao hii haikuwa mara ya kwanza. Miaka ya 1830, babake alimpa mfalme wa Uingereza manowari kubwa iliyoundwa Bombay, naye akarudishiwa yoti ya kifalme ya kupendeza, Prince Regent. Mzee Said hakuona kazi yake. Baadaye akaigawa kwa gavana wa Waingereza huko India. Hiyo peke yake ingetosha kumfundisha kijana, lakini nani husikiza ya wazee.

Mwaka wa 1875 Barghash alienda London mwenyewe, akapokelewa na Malkia Victoria, akatembezwa akaonyeshwa nguvu za nchi yao. Kazi ya yoti wakapewa William Denny na ndugu zake, waunda meli wa Dumbarton, Scotland. Hao hawakuwa watu wa mchezo. Ndio waliomalizia Cutty Sark, jahazi maarufu la kubeba majani chai, baada ya walioianza kufilisika. Miaka michache baadaye, 1883, walijenga tangi refu la maji la kujaribia modeli, ndiyo wajue meli itakataje mawimbi kabla hawajakata chuma cha meli yenyewe. Lakini hata fundi mkali namna hiyo anaunda kile umeagiza.

Machi 1878 yoti ikaingia majini. Bei ilipita pauni 32,000. Wakaiita Glasgow, jina lile lile. Milingoti 3, injini ya mvuke, vyumba vya starehe vya Sultani, mizinga 7 midogo na bunduki ya Gatling ile ya mitutu inayozunguka. Ikafika Zanzibar, ikatia nanga mbele ya ikulu. Barghash akaiangalia.

Ikamboo.

Hakuipenda, na hakuitumia sana. Ikabaki pale bandarini mwaka baada ya mwaka, ikila mishahara na rangi. Cha kuchekesha ni kwamba huyo huyo Barghash alijua kununua meli akiwa na kazi ya kuzipatia. Alikuwa na meli za mvuke za biashara zilizoenda Bombay na kurudi na mchele, na hizo zililipa. Maji safi aliyavuta kwa mabomba kutoka Chemchem mpaka mjini, watu wakaacha kuchota visima vichafu. Mwaka wa 1883 akajenga Beit al-Ajaib, ile nyumba kubwa ambayo ulishaiona kwa picha za Zanzibar, iliyobomoka sehemu mwaka wa 2020. Kwa hiyo usimchukulie kama mjinga wa pesa.

Agosti 1885 ndiyo siku yoti ilipimwa bila hata kusogea. Wajerumani walikuwa wamejichukulia ardhi bara kwa mikataba ya karatasi, Barghash akalalamika. Jibu likaja kwa maji: manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya ikulu, mizinga imeelekezwa dirishani. Ndani ya msafara huo alikuwa Salme, yule karani wa njama ya 1859, aliyekuwa ametoroka miaka ya 1860 akaolewa na Mjerumani. Barghash alikataa kumwona. Glasgow ilikuwa hapo hapo na mizinga yake 7. Haikufyatua kitu. Sultani akakubali matakwa yao.

Mwaka uliofuata, 1886, Waingereza na Wajerumani wakagawana. Barghash akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Huko bara wakachora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, ukapanda ukikunja Kilimanjaro, mpaka ukaligonga Ziwa Victoria kwenye digrii 1 kusini ya ikweta.

Sasa fungua ramani kwa simu. Kisii iko wapi? Juu kidogo ya huo mstari. Nyamira pia. Panda matatu ya Kisii kwenda Isebania, pale unaposhuka upate mpaka wa Tanzania, huo ndio mstari wenyewe. Hakuna mtu wa Gusii aliyeulizwa, wengi hata hawakuwa wamesikia jina la Barghash. Lakini mstari ndio uliofanya wanajeshi waliopanda milima ya Gusii 1905 na tena 1908 wawe wa Mwingereza, si wa Mjerumani.

Barghash alikufa Machi 1888, kama miaka 50 na kitu. Yoti ikabaki na nanga yake.

Ilikuja kupigana mara moja tu. Agosti 25, 1896, Sultani aliyekuwa kwa kiti alikufa, na Khalid, mtoto wa Barghash, kijana wa miaka 22, akaingia ikulu bila ruhusa ya Waingereza. Wakampa mpaka saa 3 asubuhi ya Agosti 27 atoke. Hakutoka. Dakika 2 baada ya saa 3, manowari zao zikaanza kuichapa ikulu. Na Glasgow, yoti aliyoikuta pale tangu akiwa mtoto wa miaka 4, ikaifyatulia risasi St George, manowari kubwa ya chuma ya admirali. Ilijibiwa mara moja, ikaanza kuzama. Mabaharia wakapandisha bendera ya Uingereza kuonyesha wamesalimu amri, na boti za maadui zikaja kuwaokoa.

Vita nzima haikufika saa moja. Upande wa Zanzibar watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid akahepa kwa ubalozi wa Wajerumani, akavushwa Dar es Salaam, baadaye akashikwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akazungushwa uhamishoni mpaka alipoachiliwa akaishi Mombasa, akafa huko 1927.

Bandari ya Zanzibar haina kina kirefu. Glasgow ilipokaa chini, milingoti yake 3 ilibaki imetoka juu ya maji mbele ya ikulu, na ilikaa hivyo mpaka 1912, walipokuja kuivunja.