Jules Verne na majalada ya dhahabu

Kitabu kilichompa sifa Jules Verne, yule Mfaransa anayehesabiwa kuwa mmoja wa baba wa hadithi za kisayansi, safari yake yaanzia kwa jirani zetu wa Unguja. Waingereza watatu, Daktari Fergusson na rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe, wafika bandarini mwezi wa Aprili 1862, watia gesi puto lao katika kisiwa kidogo cha karibu, kisha wapaa kwenda zao bara. Waipita Kaze, ambayo ni Tabora ya leo, waliona Ziwa la Ukerewe kutoka angani, na mwisho washukia mto Senegal, upande wa pili wa Afrika.

Kwa nini puto lilijazwa kisiwani, wala si mjini? Verne asema ati watu weusi wa Unguja walighadhibika, wakidhani kwamba wageni wanataka kulidhuru jua na mwezi, ambavyo ndivyo vitu wanavyovitukuza. Unguja ya Sayyid Majid, yenye misikiti mtaa kwa mtaa na wanavyuoni wa kuendewa kutoka Lamu na Ngazija, leo yaambiwa kuwa yatukuza jua! Fauka ya hayo, akaandika kwamba kisiwa ni milki ya Imamu wa Maskati, ilhali Unguja na Omani zilikuwa zimekwisha kutenganishwa mwaka mmoja kabla, 1861. Verne hakupata kuiona Unguja kwa macho yake. Habari zake alizichota katika vitabu vya wasafiri, Burton na Speke wakiwa mbele. Nimelitaja hili mapema ili msomaji asidhani kwamba mtu huyu nataka kumvisha kilemba asichostahili. Walakini alidhulumiwa naye, na aliyemdhulumu ndiye yule yule aliyemtajirisha.

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 mjini Nantes, mji wa bandari kwenye mto Loire, katika mtaa ambao zama hizo ulikuwa kisiwa, merikebu zikitia nanga karibu na milango ya nyumba. Babake, Pierre Verne, alikuwa wakili na alitaka mwanawe mkubwa airithi ofisi yake, akampeleka Paris kusomea sheria. Kijana alisoma akafuzu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye michezo ya kuigiza. Akajuana na Alexandre Dumas, akatunga tamthilia ambazo baadhi yake zilipanda jukwaani, akawa katibu wa jumba moja la michezo kwa ujira mdogo. Babake alipomwita arudi Nantes kushika ofisi, alikataa. Mwaka 1857 alimwoa Honorine, mjane mwenye binti wawili, na kwa kuwa mashairi hayanunui mkate, aliingia kazi ya kuuza hisa. Alikuwa akiamka alfajiri, akiandika saa kadhaa kabla ya kwenda kwenye soko la hisa.

Basi mwaka 1862 akakutana na Pierre-Jules Hetzel. Huyu alikuwa mchapishaji mashuhuri, aliyewahi kuchapisha kazi za Balzac na Victor Hugo, na mpinzani wa Napoleon wa Tatu aliyeishi uhamishoni Ubelgiji kwa miaka kadhaa kwa sababu ya siasa zake. Hetzel aliutazama muswada wa safari ya puto, akataka urekebishwe, na tarehe 31 Januari 1863 kitabu kikatoka. Verne alikuwa yu karibu kutimiza miaka 35. Kwa bahati, wakati huo Ulaya nzima ilikuwa ikibishana juu ya chanzo cha mto Nile, na kitabu kikanunuliwa kwa wingi. Mwaka uliofuata Hetzel alianzisha gazeti lake la elimu na burudani kwa jamaa nzima, na baadaye akamfunga Verne kwa mkataba wa kutoa juzuu tatu kila mwaka. Tangu siku hiyo hadi kufa, Verne hakuwa na mchapishaji mwingine wa vitabu vyake zaidi ya nyumba ya Hetzel.

Sasa tuingie katika habari ya majalada, maana ndipo penye kiini cha maisha ya mtu huyu. Kila hadithi yake aghalabu ilitoka mara tatu. Kwanza sehemu kwa sehemu gazetini. Halafu ikafungwa kuwa juzuu ndogo ya bei nafuu, kwa kawaida isiyo na picha. Kisha, mwaka ukikaribia kwisha, ikatoka chapa kubwa yenye picha zilizochorwa na mafundi hodari, kama Riou na Neuville na Benett, kisha zikachongwa kwenye mbao, nayo ndiyo iliyovishwa lile vazi lililomjulisha Verne duniani. Kitambaa, mara nyingi chekundu, kilinyoshwa juu ya karatasi nzito. Sahani ya shaba iliyochongwa nakshi ilitiwa moto, ikashindiliwa juu ya kitambaa kwa mashine, na dhahabu na wino mweusi na rangi nyingine zikanasa. Kingo za kurasa nazo zikapakwa dhahabu, hata kitabu kikifungwa kikawa king'arapo kama sanduku la bibi harusi. Juu yake palikuwa na tufe la dunia, au meli ya moshi, au nanga, au tembo wawili, na kwenye mgongo mnara wa taa ya baharini. Sahani hizo zilikuwa na gharama, kwa hiyo sahani moja ilitumika kwa vitabu vingi, na tembo wale wakawekwa hata kwenye hadithi isiyo na tembo hata mmoja.

Sisi tuliosomea juzuu za karatasi nyembamba kutoka Bombay, ambazo jalada lake lilikuwa limekwisha kuchanika kabla ya mtoto kufika Alam tara, twaweza kuuona uzuri wa kazi hiyo bila kinyongo. Lakini tazama ni nani aliyekuwa mnunuzi. Majalada yale yaliwekwa madirishani mwezi wa Disemba ili wazazi wenye nafasi wawanunulie watoto zawadi ya mwaka mpya. Shule nazo ziliwatuza wanafunzi waliofaulu. Kitabu kilikwisha kuwa zawadi kabla hakijasomwa, na mtu aliyekiona tu dirishani alikuwa na hukumu yake tayari: hiki ni cha watoto.

Na ndani ya jalada Hetzel alikuwa na mkono pia. Katika hadithi ya Nahodha Hatteras, mwendawazimu wa ncha ya kaskazini, Verne alitaka shujaa wake afe ndani ya mdomo wa volkano. Hetzel hakutaka kifo kile, basi Hatteras akaokolewa, akarudi kwao amerukwa na akili. Nahodha Nemo wa hadithi ya sabmarini, iliyotoka 1869 na 1870, alikuwa awe mtu wa Poland ambaye Warusi walimwulia jamaa zake. Hetzel alichelea kuwaudhi Warusi, na Nemo akabaki hana taifa wala sababu ya chuki yake. Miaka michache baadaye, katika Kisiwa cha Siri, ndipo Verne akampa nasaba: Mwanamfalme Dakkar wa India, mpwa wa Tipu Sultani, aliyepigana na Waingereza katika maasi ya 1857. Walipoitafsiri hadithi hiyo kwa Kiingereza, maneno yake makali juu ya utawala wa Waingereza yakalainishwa. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya hadithi ya sabmarini nayo ilikatwa zaidi ya sehemu moja katika tano, hesabu na elimu ya bahari zikatupwa nje. Kisha wasomaji wa Kiingereza wakasema kwamba Verne ni mtu wa mambo ya kitoto asiyejua sayansi.

Kulikuwa na kitabu kimoja ambacho Hetzel alikikataa kabisa, juu ya mji wa Paris katika karne ya ishirini, mji wenye magari na mashine za kila namna, ambamo kijana mshairi hana thamani na afa kwa baridi na njaa. Muswada ule ulifungiwa.

Usidhani kwamba Verne alikufa maskini. La. Alipata nishani ya Legion of Honour mwaka 1870, na mwaka 1872 Chuo cha Ufaransa, kile cha wanavyuoni arubaini wa lugha, kilivitunuku vitabu vyake. Lakini mikataba yake ya mwanzo ilimlipa kiasi maalumu kwa kila juzuu, na faida ya zile chapa za picha na dhahabu aghalabu ikamwendea mchapishaji. Fedha nyingi alizipata kwenye mapenzi yake ya zamani, jukwaani: hadithi ya kuizunguka dunia kwa siku themanini ilipogeuzwa mchezo mjini Paris mwaka 1874, ikaletwa hata tembo hai mbele ya watazamaji, watu walijaa miezi na miezi. Kwa mali hiyo na nyingineyo aliweza kununua jahazi la moshi, akasafiri nalo hadi Tanja, Aljeri na Tunisi.

Alilolitaka na asilipate ni kiti katika Chuo kile cha Ufaransa. Vitabu vyake vilitunukiwa, mwenyewe akabaki nje ya mlango. Dumas mtoto, ambaye alikuwa ndani, alipenda aingie, lakini haikuwa. Uzeeni Verne alimwambia mwandishi mmoja aliyemtembelea kwamba jambo kubwa linalomsikitisha maishani ni kutohesabiwa kabisa katika fasihi ya Kifaransa. Mtu aliyetafsiriwa katika lugha nyingi kuliko wengi wa wale arubaini asema maneno hayo! Wenzake walimwona na vitabu vyekundu mikononi mwa watoto, na hawakuhitaji kuvifungua.

Na wangevifungua wangeona nini? Nitataja kimoja tu, ambacho sisi Waislamu twaweza kukipima. Ni hadithi ya Keraban, ya mwaka 1883. Yaanza Istanbul mchana wa Ramadhani, barabara tupu, watu wamejifungia na saumu zao, mgeni wa Kiholanzi azunguka ashangaa mji umepatwa na nini, hata mzinga wa kufuturu ulie na mji ufufuke ghafla kwa taa na sauti na harufu ya vyakula. Keraban ni tajiri wa tumbaku aliyewaalika wageni nyumbani kwake ng'ambo ya mlangobahari. Siku hiyo serikali imetoa ushuru mpya wa para kumi kwa kila mvukaji. Para kumi si kitu, lakini Keraban hakubali, akawachukua wageni wake kuizunguka Bahari Nyeusi nzima ili afike kwake bila kulipa. Na wakati wa kurudi, ili asitoe ushuru, avushwa juu ya kamba ndani ya gari la mkono linalosukumwa na mwanasarakasi. Ni kichekesho, naam, lakini ni cha mtu mzima na serikali yake, na ile alasiri ya Ramadhani ameiandika vizuri kuliko wengi waliofika huko. Hadithi yake ya mwisho kutolewa akiwa hai, ya mwaka 1905, yahusu Watuareg wanaopinga mpango wa Wafaransa wa kuingiza maji ya bahari katika mabonde ya jangwa lao. Ni mbali sana na wale watukuza jua wa Unguja.

Mwaka 1886 ulikuwa mbaya kwake. Mwezi wa Machi mpwa wake, Gaston, ambaye akili zilimpotea, alimpiga risasi mguuni mbele ya nyumba yake mjini Amiens, akachechemea maisha yake yote. Siku chache baadaye Hetzel akafa. Mwaka huo huo jahazi liliuzwa. Verne akatulia Amiens, mji wa wazazi wa mkewe, akachaguliwa diwani mwaka 1888, akaendelea kuandika kila alfajiri huku kisukari kikimla na macho yakimfifia. Alifariki tarehe 24 Machi 1905.

Juu ya kaburi lake, mwaka 1907, fundi Albert Roze alisimamisha sanamu ya mtu anayelisukuma jiwe la kaburi na kunyosha mkono kuelekea mbinguni. Kwetu kaburi halijengwi hivyo. Lakini sanamu hiyo ikafanya safari ambayo Roze hakuitazamia. Aprili 1926 Hugo Gernsback, mhajiri kutoka Luxembourg, alitoa mjini New York gazeti la Amazing Stories, la kwanza la Kiingereza kushughulikia hadithi za kisayansi peke yake, na picha ya kaburi la Verne akaifanya nembo ya ndani. Jalada lilichorwa na Frank R. Paul, Mwaustria aliyesomea uchoraji wa majengo: watu wanateleza juu ya barafu, na sayari ya Zohali na pete zake imejaa mbinguni. Picha hiyo ilitoka katika hadithi ya Verne mwenyewe. Bei yake senti 25. Paul aliendelea na mashine kubwa na viumbe wenye mikono mingi, kwa rangi nyekundu na manjano za kuita wapita njia, juu ya karatasi duni. Safari hii hapakuwa na dhahabu, lakini hukumu ilikuwa ile ile, tena kali zaidi. Wazazi waliona takataka, walimu wakaona upuuzi, na kwa miaka mingi mtu mzima aliyesoma hadithi za kisayansi alificha jalada lake garini.

Majalada ya Hetzel leo yana wakusanyaji wake, wanaotoa fedha nyingi kwa dhahabu isiyochubuka. Nakala iliyosomwa mpaka mgongo ukalegea hawaitaki. Ule muswada wa Paris ulionekana 1989, ukachapishwa 1994. Mwaka 2012 baadhi ya hadithi za Verne ziliingizwa katika mfululizo wa Pléiade, ambao kwa Wafaransa ndio daraja la waandishi wao wakuu. Mfululizo huo hufungwa kwa ngozi isiyo na picha, mwandishi mmoja kama mwingine. Picha za mbao za Riou na wenzake ziliachwa ndani.