Gadi wa Treni Aliyeacha Mshahara: Hasla ya Henry Muoria

Tuseme uko Kachibora, simu mkononi, bando linakaribia kuisha, na una wazo. Labda ni programu ya kumwonyesha mkulima wa Cherangany bei ya gunia la mahindi Kitale na Bungoma kabla broka hajafika shambani. Marafiki wamekuambia wazo ni moto. Wewe unachojiuliza ni kimoja tu: niache hii kazi ya duka la M-Pesa niingie mzima mzima, ama nisubiri kwanza?

Kabla hujaamua, kuna mzee mmoja ningependa umjue. Hakuwahi kushika kompyuta akiwa kijana, lakini alipitia karibu yote yanayokusubiri.

Henry Muoria alizaliwa mwaka 1914 kule Kabete, kwa wazazi wasiojua kusoma. Utotoni alichunga mifugo. Shule aliipata kidogo, hela zikiwa za shida, na baadaye akaajiriwa na reli, akawa gadi wa treni. Enzi hizo, kwa Mwafrika, hiyo ilikuwa kazi ya kujivunia: sare, mshahara wa kila mwezi, safari za bure. Wenzake wengi wangeshukuru Mungu na kutulia hapo.

Muoria hakutulia. Ubaguzi wa rangi aliokutana nao kazini ulimkera, akaanza kuandika barua kwa wahariri wa magazeti. Halafu akafanya jambo ambalo leo ungeliita kozi ya mtandaoni: alijiandikisha kusomea uandishi wa habari kwa njia ya posta. Masomo yanakuja kwa bahasha, majibu yanarudi kwa bahasha, na mwanafunzi bado anapanda treni kwenda kazini. Hii sehemu usiiruke. Watu hupenda kusimulia siku aliyoacha kazi, ila miaka aliyoiba usiku kujifunza hawaitaji.

Mwaka 1945 alichapisha kijitabu kwa Kikuyu kilichowauliza watu wake wafanye nini na hali waliyokuwa nayo. Kilisomwa. Hapo ndipo alipopata ushahidi kwamba wateja wapo. Mwaka huohuo akaachana na reli na kuanzisha gazeti, Mumenyereri, yaani mtunzaji.

Angalia vile soko lilivyokuwa. Muigwithania, gazeti ambalo Jomo Kenyatta alianza kulihariri mwaka 1928, lilikuwa limenyamazishwa wakati wa vita. Baraza lilikuwepo kwa Kiswahili, lakini lilitoka katika nyumba moja na East African Standard, gazeti la masetla. Kulikuwa na pengo, na Muoria alilijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa msomaji aliyekosa kitu cha kusoma. Alipoingia nalo sokoni, gazeti lilitoka mara moja kwa mwezi. Baadaye likawa la kila wiki, na mwishowe mara mbili kwa wiki. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 nakala zilikaribia 10,000. Tena nakala moja haikuwa msomaji mmoja; mwenye kujua kusoma aliwasomea wasiojua, kuanzia Kiambu hadi kwa vibarua wa mashamba ya wazungu Bonde la Ufa.

Nina lawama moja kwake. Kwa kuandika Kikuyu pekee, alimwacha nje Mbukusu wa Bungoma na Mnandi wa Kapsabet waliokuwa na malalamiko yaleyale ya ardhi na kipande. Soko dogo lilimpa nguvu haraka, lakini lilikuwa na ukuta. Ukitengeneza kitu chako Kachibora, huo ukuta utauona mapema: hapo sokoni tu utasikia lugha tatu au nne.

Sasa tufike penye uchungu wenyewe. Muoria alikuwa na maneno na wasomaji, lakini mtambo haukuwa wake. Magazeti ya Waafrika yalichapwa na Wahindi wenye matbaa Nairobi. Ilikuwa biashara safi, kila mtu anapata chake. Kisha kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilijipa uwezo wa kutwaa mtambo wa yeyote aliyechapa maandishi iliyoyaita ya uchochezi. Hebu jiweke kwa viatu vya mwenye matbaa: umwokoe mteja mmoja, au uokoe mashine inayolisha familia yako? Wengi waliogopa, na siwalaumu.

Wewe pia utajenga juu ya mtambo wa mtu. Seva si yako, duka la programu si lako, njia ya malipo si yako. Siku mwenyewe akibadilisha masharti, hatakupigia simu kwanza. Muoria alijikakamua akanunua mtambo wake, jambo lililokuwa gumu mno kwa Mwafrika wa wakati ule. Na hakufanya peke yake. Mkewe Judith Nyamurwa aliijua kazi ya gazeti ndani nje, kiasi kwamba Muoria aliposafiri kwenda Uingereza mwaka 1952, yeye ndiye aliyebaki akiliendesha. Majina ya wanawake kama huyu hupotea haraka kwenye hadithi za waanzilishi, kwa hivyo lishike.

Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Kenyatta, ambaye Muoria alikuwa amechapisha hotuba zake tangu aliporudi nchini mwaka 1946, alikamatwa. Magazeti ya Waafrika yakapigwa marufuku, Mumenyereri likiwemo. Mtambo wa kununua kwa jasho haukusaidia kitu, kwa kuwa safari hii aliyefunga mlango alikuwa serikali yenyewe. Mwenye gazeti akajikuta London, nyumbani harudi, biashara haipo.

Alifanya nini? Alitafuta kazi. Na kazi aliyoipata, ukiamini, ilikuwa ya gadi wa treni, safari hii kwenye reli za chini ya ardhi za London. Mtu aliyeacha sare ya reli ili awe bosi wake mwenyewe aliivaa tena, akalea watoto nayo miaka na miaka. Uhuru ulikuja mwaka 1963, waliokuwa wasomaji wake wakawa wakubwa serikalini, yeye akiwa bado anafungua na kufunga milango ya behewa ugenini.

Akitoka zamu aliandika. Miswada ilirundikana nyumbani bila mchapishaji. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 80, kitabu cha maisha yake kilitoka hatimaye, na kilichapishwa Nairobi. Alifariki miaka mitatu baadaye.