Eugene Castle: Msee Aliyeuza Vita Hadi Sebuleni

Buda, wewe uki-miss habari unafungua simu tu. Zamani Marekani, kuona habari kwa video ilikuwa lazima ulipie tiketi ya sinema.

Eugene Castle, jamaa wa San Francisco, alikuwa mpiga picha wa hizo filamu za habari. 1924 akafungua Castle Films, akawa anatengenezea makampuni filamu za matangazo.

Halafu Mei 1937, Hindenburg, puto kubwa la kubeba abiria, likashika moto New Jersey. Watu 36 wakafa. Castle akachukua hizo picha, akazifupisha, akaziuza kwa reli ndogo ya kuwekwa kwa projekta ya nyumbani. Zikabamba vibaya!

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, jamaa alikuwa ashajipanga. Mapigano yaliuzwa dukani, kando ya kamera. Reli nyingi hazikuwa na sauti, ni maandishi tu. Sasa imagine uko na kijana vitani, unazima taa, unamtafuta kwa ukuta.

1947 Universal ikainunua biashara yake. Castle akafa 1960, ameomoka.

So ukiforward video ya ajali leo, kumbuka: kuna mtu anaingiza doh, na kuna mtu anamtafuta wake hapo ndani.