Edward Steere (1828–1882): Askofu Mpiga Chapa na Alfabeti ya Kiswahili

Edward Steere hutajwa katika historia mbili ambazo kwa kawaida husimuliwa mbalimbali: historia ya Kanisa la Anglikana Zanzibar, na historia ya sarufi na kamusi za Kiswahili. Makala haya yanamtazama kwa upande wa tatu, unaopitwa haraka mno, nao ni upande wa kupiga chapa. Steere alichunguza lugha huku mtambo wa chapa ukiwa karibu naye. Katika zama zake kila herufi ilikuwa kipande cha madini kilichonunuliwa kwa fedha, kikasafirishwa kwa meli na kuwekwa katika kisanduku chake. Uchaguzi wa herufi za kuandikia lugha ulikuwa, kwa hiyo, pia uchaguzi wa vipande vya kununua. Jambo hilo halijapitwa na wakati. Linawahusu hadi leo wanaoandika lugha ambazo alfabeti ya Kiswahili haizitoshelezi, kama Kinyaturu cha mkoa wa Singida.

Maisha kabla ya Unguja

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma katika University College, akajikita katika sheria, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850 na kupokewa katika uwakili mwaka huohuo. Kazi hiyo haikumshika. Aliiacha akaingia katika utumishi wa Kanisa, akapewa upadre mwaka 1858, akahudumu Skegness katika pwani ya Lincolnshire, na kuanzia mwaka 1862 akawa mkuu wa parokia ya Little Steeping.

Huko Lincolnshire alifanya urafiki na William George Tozer. Tozer alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) mwaka 1863, Steere alifuatana naye hadi bonde la Zambezi. Misheni hiyo, iliyotokana na wito alioutoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ilikuwa imedhoofishwa na maradhi, njaa na vita vya biashara ya watumwa. Tozer aliamua kuihamisha. Mnamo Agosti 1864 yeye na Steere walifika Unguja, wakati Sultani Majid bin Said akitawala. Steere alikuwa na miaka 36, na Kiswahili kilikuwa bado kigeni kwake.

Unguja na mtambo wa chapa

Ni kosa kudhani kwamba Steere aliikuta lugha isiyoandikwa. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa vizazi vingi, na tenzi, barua na hati za biashara zilikuwa zikisomwa kote pwani. Steere alijifunza lugha kwa wenyeji wa Unguja, miongoni mwao watu walioielewa vyema elimu hiyo ya zamani, na aliandika hadithi kutoka vinywani mwa wasimulizi wa mji. Alichokitafuta ni mwandiko wa Kilatini utakaofaa shule ya misheni, ambako walilelewa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa.

Shule hiyo, iliyokuja kujulikana kwa jina la Kiungani, ilihitaji vitabu, na hapakuwa na mahali pa kuvinunua. Misheni ikapata mtambo wake. Wavulana walifundishwa kupanga herufi, na Steere mwenyewe alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mwaka 1867 mkusanyo wake wa sarufi na msamiati wa Kishambala ulipigwa chapa papo hapo Zanzibar.

Msomaji aliyezoea kompyuta huenda asijue kazi hiyo ilivyofanyika. Mpanga herufi husimama mbele ya masanduku yenye vyumba vingi vidogo. Huchukua kalibu moja baada ya nyingine na kuzipanga kinyumenyume katika chombo cha mkononi, mstari hadi mstari, mpaka ukurasa utimie. Baada ya kupiga chapa, kila kalibu hurudishwa chumbani mwake. Kalibu ziliuzwa kwa uwiano wa lugha za Ulaya: herufi e na t nyingi kwa ajili ya Kiingereza, herufi k na w chache. Anayepanga Kiswahili kwa sanduku la namna hiyo humaliza a na k mapema, huku q na x zikibaki bila kazi.

Zaidi ya hayo, seti kamili ilikuwa na sura kadhaa za alfabeti ileile: herufi kubwa, herufi ndogo, herufi za mlazo, na herufi kubwa fupi, yaani zile zenye umbo la herufi kubwa lakini kimo cha herufi ndogo. Hizo za mwisho zilitumika katika vichwa vya kurasa, vidahizo na vifupisho. Kuongeza alama moja juu ya herufi moja kulimaanisha kuiongeza katika kila sura. Mtambo mdogo wa kisiwani usingeweza kumudu gharama hiyo.

Uamuzi wa herufi za kawaida

Katika miaka hiyo wanazuoni wa Ulaya walikuwa na pendekezo lenye nguvu. Karl Richard Lepsius wa Berlin alikuwa ametoa mwaka 1855 alfabeti sanifu iliyokusudiwa kuandika lugha zote za dunia, na toleo lake lililopanuliwa likatoka mwaka 1863. Msingi wake ni sauti moja kwa herufi moja. Ili kuutimiza, Lepsius alitumia vijistari, nukta na alama nyingine juu na chini ya herufi, pamoja na herufi za Kigiriki kama χ na γ. Kwa kanuni ya kisayansi alfabeti hiyo ilipendeza. Kwa mpiga chapa ilidai kalibu za pekee zilizofuliwa kwa ajili yake.

Steere alifuata njia nyingine. Konsonanti aliziandika kwa kuunganisha herufi za kawaida: ch, sh, gh, kh, th, ny. Sauti ya mwanzo wa neno ng'ombe aliitenga na ile ya ngoma kwa ritifaa tu. Irabu tano aliziandika kwa herufi tano zisizo na alama. Hakuna kilichohitaji kalibu mpya. Ukurasa uliopangwa Unguja ungeweza kupangwa upya London bila kubadilishwa hata herufi moja, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 1870, aliporudi Uingereza kwa muda na kutoa vitabu viwili: A Handbook of the Swahili Language na Swahili Tales.

Si lazima kudai kwamba mtambo peke yake ndio uliomwamulia. Wasomaji wake wa kwanza katika vitabu vya sarufi walikuwa Waingereza, na mwandiko huo uliwaelekea. Hata hivyo, mtu anayejua kupanga herufi hufikiria alfabeti tofauti na asiyejua.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama, nayo isifichwe. Steere aliandika fetha na thahabu, akiziweka chini ya th sauti mbili ambazo leo tunazitenga kwa th na dh. Tofauti ya mpumuo, ambayo kwa wasemaji wengi wa pwani hutenganisha paa la nyumba na paa wa porini, haikupata nafasi katika mwandiko wa kawaida, na haijaipata hadi leo. Wanaofundisha tenzi za Mombasa na Lamu wanajua ni kiasi gani cha matamshi kinachopotea katika herufi hizo chache.

Lugha za bara

Steere hakuishia kwenye Kiswahili. Alikusanya pia msamiati na sarufi za Kiyao, Kimakonde na Kinyamwezi cha Unyanyembe. Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hakufika. Unguja ilimtosha, kwa kuwa misafara ya pembe na watumwa iliunganisha kisiwa hicho na bara, na watu wa lugha nyingi walikutana humo. Njia ya kati ya misafara hiyo ilipita Ugogo, kisha ikavuka Mgunda Mkali, pori kavu lililoogopwa na wapagazi, ambalo sasa limo upande wa Manyoni na Itigi katika mkoa wa Singida. Lugha za kaskazini mwa pori hilo, Kinyaturu na Kinyiramba, hazimo katika orodha ya kazi zake.

Uaskofu na mwisho wa maisha

Steere alirudi Unguja mwaka 1872. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa, na siku ya Krismasi mwaka huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa katika eneo la soko la Mkunazini. Tozer alikuwa amejiuzulu, na Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu, huko Westminster Abbey. Mwaka 1876 alisimamia kuanzishwa kwa makazi ya watu waliokombolewa utumwani huko Masasi. Katikati ya shughuli hizo aliendelea kutafsiri, na Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja likakamilika. Alifariki Unguja mnamo Agosti 1882, akiwa na miaka 54, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891, baada ya wengine kuimalizia kazi yake.

Mtambo haukunyamaza. Mwaka 1888 Kiungani ilianza kutoa gazeti la Msimulizi. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha tahajia. Herufi dh ilithibitishwa, lakini kanuni ya kutumia herufi za kawaida ilibaki.

Urithi wake katika fonti za leo

Kwa sababu ya kanuni hiyo Kiswahili kiliingia katika taipureta, kisha katika kompyuta na simu, bila kusubiri mtu akitengenezee herufi. Fonti yoyote ya Kiingereza inakitosha, pamoja na herufi kubwa fupi. Tatizo pekee linalosumbua ni ritifaa ya ng': ikiandikwa kwa alama iliyonyooka mahali pamoja na iliyopinda mahali pengine, kompyuta huweza kuyahesabu kuwa maneno mawili, na utafutaji katika kamusi ukashindwa. Mhariri achague alama moja na kuitumia katika kazi nzima.

Kinyaturu hakina bahati hiyo. Kina irabu saba. Njia mojawapo inayotumika Tanzania kwa lugha za aina hiyo, kama Kirangi cha jirani zao wa Kondoa, ni kuongeza ɨ na ʉ. Hapa tunarudi kwenye sanduku la kalibu. Herufi kubwa Ʉ iliingizwa katika mfumo wa Unicode mwaka 2006 tu. Fonti nyingi zina ɨ ndogo lakini hazina umbo lake la herufi kubwa fupi. Anayepanga kamusi na kuamuru vidahizo viwe kwa herufi kubwa fupi huona neno likibadilika sura isipokuwa irabu hiyo, inayobaki ndogo au kuazimwa kutoka fonti nyingine. Programu nyingine hupunguza tu herufi kubwa za kawaida, zikatokea na mistari myembamba isiyolingana na maandishi yaliyozizunguka.

Kwa mtafsiri na mwalimu wa Singida, mambo matatu yafaa kuzingatiwa kabla ya kuchagua fonti. Kwanza, ijaribiwe kwa irabu zote saba katika kila sura: kubwa, ndogo, ya mlazo, nzito na kubwa fupi. Pili, herufi kubwa fupi zipatikane kwa kuwasha kipengele cha fonti, si kwa kuandika upya neno kwa herufi kubwa, ili maandishi yenyewe yabaki sahihi yanaponakiliwa au kutafutwa. Tatu, fonti ikikosa umbo linalohitajika, ni heri kuacha pambo hilo na kuweka vidahizo kwa herufi nzito. Kuifuta alama ya irabu ili ukurasa upendeze si suluhisho, kwa kuwa ɨ ikigeuzwa i, tofauti ambayo msemaji huisikia haionekani tena kwa msomaji.

Steere aliichagulia lugha yenye irabu tano herufi zilizokuwamo sandukuni, na zikaifaa. Kanuni hiyo haihamishiki kwa lugha ya irabu saba bila hasara. Kwa Kinyaturu, wajibu unageuka: ni sanduku ndilo linalopaswa kujazwa hadi liitoshe lugha.