Tom Mboya: Mwana wa Rusinga aliyezaliwa kando ya Kilima Mbogo

WAKENYA wengi wakiulizwa alikozaliwa Tom Mboya watataja kisiwa cha Rusinga bila kusita. Ndiko ukoo wake ulikotoka na ndiko alikozikwa. Hata hivyo, mwanasiasa huyo alizaliwa mnamo Agosti 15, 1930, mbali na Ziwa Victoria, katika shamba la mkonge chini ya Kilima Mbogo, karibu na Thika.

Babake, Leonard Ndiege, alikuwa ameondoka kisiwani kutafuta riziki, akapata kazi ya unyapara katika shamba hilo lililokuwa la McMillan, tajiri mzawa wa Marekani aliyezikwa kwenye mlima huo huo mwaka wa 1925. Vibarua walitoka pande nyingi za nchi. Mtoto Mboya alizungumza Dholuo na wazazi wake, lakini akiwa na wenzake alijifunza Kikamba, Kikikuyu na Kiswahili.

Masomo nayo yalimzungusha. Alianza Kabaa, Ukambani, akahamia Yala katika Nyanza, kisha akajiunga na Mang'u, ambako alikatiza masomo kwa kukosa karo. Baada ya mafunzo Kabete akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya. Huko aliwaunganisha wafanyakazi wenzake katika chama, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Viongozi wengi wa kisiasa walikuwa kizuizini wakati huo wa hali ya hatari, na kwa kiasi kikubwa sauti ya Mwafrika jijini ikawa yake.

Uchaguzi wa Machi 1957 ulimpeleka katika Baraza la Kutunga Sheria kama mjumbe wa Nairobi, baada ya kumshinda wakili Argwings-Kodhek kwa kura chache. Kilichoshangaza zaidi ni uchaguzi wa 1961. Katika Nairobi Mashariki, wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, na mpinzani wake, Dkt Munyua Waiyaki, alikuwa mwenzao. Mboya alizoa zaidi ya kura 31,000. Mpinzani wake hakufikisha 3,000. Ni matokeo ambayo anayeyapima kwa mizani ya siasa za leo atayaona kama hadithi.

Hakuwahi kuwania kiti Nyanza. Huko ngome ilikuwa ya Jaramogi Oginga Odinga, hasimu wake ndani ya Kanu, na wafuasi wa Jaramogi walimtilia shaka kijana huyu aliyekulia ugenini. Pengine hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wake: mtu wa kila mahali hana ngome ya kukimbilia. Mboya alikuwa waziri wa leba, kisha wa sheria na katiba, hatimaye wa mipango ya uchumi, na wizara yake ndiyo iliyotayarisha Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu usoshalisti wa Kiafrika. Safari za ndege alizoziandaa kuanzia 1959 ziliwapeleka mamia ya vijana wa makabila mbalimbali katika vyuo vya Marekani.

Jumamosi, Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, ingawa maswali kuhusu waliomtuma hayakuzikwa naye.

Ghafla, aliyechaguliwa na jiji zima akawa marehemu wa jamii moja. Polisi walitumia vitoamachozi dhidi ya umati uliokusanyika nje ya kanisa la Holy Family wakati wa ibada ya wafu, na uhasama kati ya Waluo na Wakikuyu ukashika kasi. Mwili ulisafirishwa kwa barabara kupitia Bonde la Ufa na Kisumu hadi Rusinga, kisiwa ambacho hakuzaliwa. Kaburi lake huko limejengewa jumba lenye umbo la risasi.