Charles Dotter na Mipaka ya Taaluma

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala sidai kuijua tiba. Hata hivyo, kila nimsikiapo mwalimu akimkemea mwanafunzi kwa kuuliza swali lililo nje ya somo, humkumbuka daktari mmoja, marehemu Charles Dotter.

Dotter alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1920. Mwaka 1952 alikabidhiwa idara ya eksirei katika chuo cha udaktari cha Portland, jimbo la Oregon. Siku hizo kazi ya idara kama hiyo ilikuwa kupiga picha na kuonyesha penye ugonjwa. Kutibu kuliachiwa wapasuaji. Mwaka 1963, alipokuwa akiingiza mrija mwembamba katika mshipa wa mgonjwa ili apige picha, mrija huo ulipenya pasipo kukusudiwa mahali palipoziba, na njia ikafunguka. Mwingine angaliiona hiyo kuwa bahati tu. Dotter aliona tiba mpya.

Tarehe 16 Januari 1964 alimhudumia bibi mmoja aliyepita umri wa miaka 80. Mshipa wa mguu wake ulikuwa umebana, na vidole vimeingiwa na donda ndugu. Wapasuaji walishauri mguu ukatwe. Bibi akakataa katakata. Dotter alipitisha waya katika tundu dogo, kisha mirija ya kuutanua mshipa, na damu ikapita. Bibi huyo aliishi zaidi ya miaka 2 akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Badala ya kusifiwa, Dotter aliitwa mwendawazimu na baadhi ya madaktari wa nchi yake. Ulaya ndiko alikopata wafuasi wengi. Hakukoma. Mwaka 1974 yeye na wenzake walieleza namna ya kutia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa mrija, pale pale palipoziba. Alifariki mwaka 1985.

Leo mshipa wa mguu uzibapo ghafla, na mguu ukawa baridi na kufa ganzi, saa chache tu zaweza kuamua iwapo utapona. Upasuaji ungali na nafasi yake, lakini mara nyingi madaktari huweza kuliyeyusha au kulifyonza bonge la damu kwa mrija.

Walimu wenzangu, masomo yaligawanywa ili kurahisisha kazi, si kuifunga akili. Mwanafunzi akiuliza lililo nje ya silabasi, tumsikilize kwanza.