Mwalimu Mtoro bin Mwinyi Bakari: Kutoka Chuoni Bagamoyo Hadi Chuo Kikuu cha Berlin







Katika darsa tunazosomesha tunapovuka kwenda Dar es Salaam, pande za Temeke na Mbagala, na upande wa Kinondoni mpaka Tegeta na Bunju, ambako familia nyingi za Unguja na Pemba zimeweka makazi, kuna suala ambalo wazazi huturejeshea kila mara. Kijana amepata nafasi ya kusoma Ujerumani, je, aachwe aende? Mzazi anayeuliza mara nyingi keshajua upande wa hukumu: kusafiri kutafuta elimu yenye manufaa kunajuzu, madhali mtu ataweza kusimamisha Swalah yake na kuihifadhi Dini yake. Kinachomnyima usingizi ni jengine. Mtoto atarudi? Na akirudi, ataweza kuishi tena na watu wake?

Tumeona badala ya kurefusha hukumu, tueleze maisha ya mtu mmoja. Alitoka Bagamoyo, mji ambao mtu wa Tegeta akipanda gari asubuhi hufika, akafanya haja zake na kurudi kwake kabla ya Magharibi. Yeye aliondoka kwenda Berlin mwaka 1900, na huko Ujerumani ndiko mauti yalikomkuta.

MALEZI NA ELIMU YAKE

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Dunda, jirani na Bagamoyo. Wakati huo Bagamoyo ilikuwa chini ya Sayyid wa Unguja, na ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya misafara ya bara: pembe zikishuka, nguo na shanga zikipanda, na watu wa kila kabila wakikutana sokoni na Msikitini. Mtoro alitiwa chuoni kama watoto wengine wa pwani, akaisoma Qur-aan, kisha akaendelea na elimu ya Dini mpaka akaitwa mwalimu. Alisafiri pia, na khabari za safari yake ya Udoe na Uzigua aliziandika mwenyewe.

Alikuwa kijana wa miaka kama kumi na tisa ilipoanza vita ya Abushiri bin Salim mwaka 1888. Mwaka uliofuata Wajerumani walimnyonga Abushiri huko Pangani. Basi kizazi cha Mtoro kiliingia utu uzima wakati bendera ya Sayyid inashushwa na ya Wajerumani inapandishwa, na kila mtu alilazimika kujua vipi ataishi na wakubwa wapya. Mtoro hakuwa na mali nyingi wala jeshi. Alikuwa na elimu yake na lugha yake.

SAFARI YA BERLIN

Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin, ndani ya chuo kikuu cha mji huo, taasisi ya kufundishia lugha za Mashariki. Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha hizo, kwa sababu Ujerumani ilikuwa imeanza kutawala pwani yetu na ilihitaji maofisa wanaoweza kusema na raia. Kila profesa wa Kijerumani aliwekewa mwalimu mzawa wa lugha. Kabla ya Mtoro walikwishatangulia watu wa Unguja, akiwemo Amur bin Nasur, aliyefika huko mwaka 1891 na akaacha maandishi kuhusu maisha yake Berlin. Kwa hivyo wasidhani vijana wetu kuwa wao ndio wa mwanzo kuona theluji. Wazee wetu waliiona zaidi ya miaka mia na thalathini iliyopita, na waliingia chuo kikuu kwa mlango wa waalimu.

Mtoro alifika mwaka 1900, akafanya kazi pamoja na Carl Velten, aliyekuwa akisomesha Kiswahili hapo. Mwaka uliofuata Velten alichapisha kitabu cha safari za Waswahili, ambamo imo ile safari ya Mtoro. Mwaka 1903 kikatoka kitabu kikubwa zaidi, Desturi za Waswahili, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kazi ya Mtoro, lakini jalada lilibeba jina la Velten.

Ndani yake mna uzazi na malezi, chuo na mwalimu wake, ndoa na talaka, ngoma, maradhi, mashetani, utumwa, safari, mazishi na mambo ya Shari'ah. Mengine yaliyoandikwa humo ni mila ambazo mwanachuoni hatozikubali, na hilo halina ajabu, kwani mwandishi alikusudia kueleza watu walivyokuwa wakiishi. Leo anayetaka kujua babu zetu wa Mrima waliishi vipi kabla ya reli na lami, hawezi kukipita kitabu hicho. Mwaka 1981 kilitolewa kwa Kiingereza kutokana na kazi ya J. W. T. Allen, na hapo jina la Mtoro ndilo lililowekwa kuwa la mwandishi. Mwenyewe alikuwa keshafariki zaidi ya miaka hamsini.

NDOA NA MTIHANI

Mwaka 1904 Mtoro alimuoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Ndoa ilifungwa kwa mujibu wa sheria za Ujerumani yenyewe, na hakukuwa na kipengele kilichoizuia. Lakini lililoruhusiwa na sheria lilikataliwa na nyoyo. Wanafunzi wake, ambao wengi walikuwa wakijitayarisha kwenda kutawala Afrika Mashariki, waliona ni fedheha Mwafrika kuwa na mke mzungu. Wakaanza kumvunjia heshima darasani.

Hapa msomaji atuwie radhi tusimame kidogo. Huyu ni mtu aliyelelewa katika chuo cha pwani, ambako mwanafunzi hakai juu ya mwalimu wake, na mzazi humpeleka mtoto kwa adabu kabla ya ada. Kisha akasimama mbele ya watu wanaotaka kunufaika na ulimi wake huku wakimdharau mwenye ulimi. Mtoro hakunyamaza akala mshahara. Alilalamika, na alipoona heshima yake hairudi, akaiacha kazi mwaka 1905. Mshahara ule ndio uliokuwa maisha yake katika nchi isiyokuwa na jamaa yake hata mmoja.

Akaamua kurudi kwao na mkewe. Walisafiri mpaka Afrika Mashariki, lakini serikali ya Gavana Götzen, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, ilikataa Bi Bertha asishuke kukaa nchini. Hoja yao ilikuwa kwamba mke mzungu akionekana nyumbani kwa Mwafrika, haiba ya watawala itaanguka mbele ya raia. Mwaka huo huo wa 1905 ndio iliyozuka vita ya Maji Maji, na watawala walikuwa na khofu na kila kinachopunguza utisho wao. Mtoro akawa mbele ya njia mbili: ashuke kwao amuache mke, au abaki na mke aiache nchi. Akabaki na mkewe, wakarudi Ujerumani. Aliwaandikia wakubwa wa serikali kudai haki yake, lakini pwani hakuruhusiwa kuishi na ahli yake.

MIAKA YA MWISHO

Mwaka 1909 alipata kazi Hamburg katika taasisi ya mambo ya makoloni, akimsaidia Carl Meinhof, mwanachuoni mashuhuri wa lugha za Kibantu. Alikaa hapo mpaka 1913. Kisha ikaja vita kuu, Ujerumani ikashindwa na kunyang'anywa makoloni yake, na haja ya waalimu wa Kiswahili ikapungua. Mtoro akawa anazunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara kuhusu nchi yake na desturi za watu wake. Alifariki Berlin mwaka 1927, akiwa na umri wa karibu miaka hamsini na minane. Allaah Amrehemu na Amsamehe.

Miaka miwili baada yake alifika Berlin Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa askari mtoto upande wa Wajerumani katika vita kuu. Alifika akiwa na madai ya mishahara ya jeshini, yake na ya marehemu baba yake, na hakulipwa. Naye akasaidia kusomesha Kiswahili katika taasisi ile ile. Chini ya utawala wa Hitler alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen, na akafia humo mwaka 1944.

MAZINGATIO KWA WAZAZI NA VIJANA

Ujerumani ya leo si ile. Leo kijana wetu anaweza kusoma udaktari au uhandisi huko, akapata Msikiti wa kuswali Ijumaa na sheria ya kumlinda akidhulumiwa. Hatukuleta kisa hiki ili kuwatisha watu na elimu. Tunachokiona ndani yake ni haya.

La kwanza, Mtoro aliondoka akiwa ameshakamilika. Alikuwa na Dini yake, lugha yake na cheo cha ualimu kabla hajapanda meli, na ndiyo maana aliweza kupima heshima yake na mshahara wake akajua kipi kizito. Kijana anayepelekwa mbali kabla hajajua kusoma vyema Suratul-Faatihah, na hajui tumempa nini cha kusimamia, atatafuta pa kuegemea popote atakapopapata.

La pili, ajue ni nani anayelipa na anataka nini. Waliomwita Mtoro walimlipa, na kazi waliyoikusudia ilikuwa kurahisisha kututawala. Ufadhili si lazima uwe na ubaya, lakini mwenye akili husoma masharti yake mpaka mstari wa mwisho.

La tatu, ndoa. Shari'ah imemruhusu Muislamu kumuoa mwanamke mwema wa Ahlul-Kitaab, kama ilivyokuja katika Suratul-Maaidah. Lakini ruhusa haiondoi wajibu wa kufikiri: mtaishi wapi, watoto watalelewa kwa Dini gani, na wazee wa pande zote mbili watawapokeaje. Mtoro alitimiza ahadi yake kwa mkewe wakati kuivunja kungemrejesha kwao. Vijana wanaooa ugenini kwa ajili ya karatasi za kuishi, kisha wakaacha mke na watoto, wamtazame yeye waone haya.

La nne, na ndilo linalotuhusu sisi tuliobaki. Njia ya Mtoro ya kurudi ilifungwa na gavana wa kigeni. Leo hakuna gavana, lakini tunazo njia zetu za kufunga milango. Kijana akirudi na mke wa kigeni, tunamtenga. Akirudi na shahada bila ya gari, tunamcheka mtaani. Akichelewa kutuma fedha, tunakata mawasiliano, kisha tunashangaa kusikia kwamba hakanyagi tena Msikitini. Mzazi anayempa mtoto ruhusa ya kwenda, basi na ampe na ruhusa ya kurudi akiwa mtupu, na amwambie hivyo kabla hajaondoka. Ampigie simu kumuuliza Swalah yake na afya yake kabla ya kumuuliza fedha.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi watoto wetu walio safarini, Awape elimu yenye manufaa, na Awarejeshe kwetu na Dini zao salama.

Wa-Allaahu A'lam.